Jimbo la Mji Mkongwe limekwenda wapi?

Swali: Assalaam alaykum, mwalimu. Babu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akituambia kwamba tangu zama za Waingereza hadi uzeeni mwake kura yake aliipigia "Mji Mkongwe". Nyumba yetu iko Mkunazini, na nakusanya historia ya mtaa kwa ajili ya kazi ya chuo. Nimepekua orodha ya majimbo ya sasa, Mji Mkongwe silioni. Lilifutwa lini, nani kalifuta, na je, ndilo lile lile la 1957? Nitathibitishaje maneno ya babu?

Jibu: Waalaykum salaam, mwanangu. Babu na arehemiwe.

Jibu fupi kwanza, upate cha kuanzia. Jimbo la Mji Mkongwe lilitumika kwa mara ya mwisho katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 2010. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC, ilikata mipaka upya kuelekea uchaguzi wa 2015, jina likaondoka, na mji wa mawe ukaingia katika jimbo linaloitwa Malindi. Ama lile la 1957, hilo ni jimbo jingine kabisa. Yanashirikiana jina na baadhi ya vichochoro, basi. Baina yao ipo miaka mingi ambayo Zanzibar haikuwa na jimbo la kupigiwa kura hata moja.

Sasa tulifuate taratibu, maana hapo kati ndipo wengi wanapopotea.

Baraza la kutunga sheria la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1926, lakini kwa miaka thelathini wajumbe wake waliteuliwa. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, na viti vilivyopigiwa kura vilikuwa sita tu kwa visiwa vyote: vinne Unguja na viwili Pemba. Pemba ilikatwa kaskazini na kusini. Unguja mashamba nayo ikakatwa hivyo hivyo. Viti viwili vilivyobaki vikawa vya mjini: Mji Mkongwe na Ng'ambo. Majina haya hayakubuniwa ofisini, ndivyo watu walivyokuwa wakiuita mji wao. Huku nyumba za mawe, kule, ukishavuka Pwani Ndogo, ni ng'ambo. Pwani Ndogo yenyewe imeshafukiwa na juu yake pana barabara na soko, ila jina Darajani limebaki kutukumbusha kwamba hapo watu walipita juu ya maji.

Uchaguzi ule unakumbukwa zaidi kwa Ng'ambo kuliko kwa Mji Mkongwe. Ng'ambo ndiko Abeid Amani Karume wa chama cha Afro-Shirazi alikomshinda Ali Muhsin Barwani wa Hizbu, chama ambacho kwenye karatasi za Kiingereza utakikuta kwa herufi ZNP. Hizbu hawakupata kiti hata kimoja mwaka ule. Kiti cha Mji Mkongwe nacho hakikwenda kwa Hizbu wala kwa Afro-Shirazi. Kilichukuliwa na mgombea wa jumuiya ya Waislamu wenye asili ya Kihindi. Hilo litakusaidia kuuona mtaa wako ulivyokuwa: wapigakura wa mji wa mawe walikuwa na hesabu zao, na ukiwapanga wote nyuma ya chama kimoja utakuwa umeandika historia ya miaka ya baadaye juu ya mwaka 1957.

Hapa pana kipimo cha kwanza cha maneno ya babu. Mwaka 1957 walipiga kura wanaume tu, raia wa Sultani, wenye umri wa miaka 25 na kuendelea, tena kwa masharti ya kusoma na kuandika au ya mali. Kwa hiyo tafuta mwaka aliozaliwa. Kama alizaliwa baada ya 1932, kura ya 1957 hakuipiga, na huenda "zama za Waingereza" kwake ni 1961 au 1963. Na kama bibi naye alikuwa akisema amepiga kura wakati ule, anza kuhesabu 1961, kwa sababu ndipo wanawake waliporuhusiwa.

Kati ya 1957 na 1961 majimbo yaliruka kutoka sita hadi 22. Ukikata kipande kile kile cha ardhi mara 22 badala ya mara sita, huwezi kudhani kwamba mstari wowote ulibaki mahali pake, mjini wala shamba. Ndiyo maana nakuonya usichore ramani moja ya "jimbo la Mji Mkongwe 1957 hadi 1963". Ukiichora itakuwa ya kubuni.

Lakini usiiruke 1961, kwa sababu ndio mwaka uliowafundisha Wazanzibari jimbo ni kitu gani. Tarehe 17 Januari, Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9, na chama cha ZPPP cha Mohammed Shamte 3. Kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi walikipata kwa kura moja. Kura moja, mwanangu! Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja akaenda kwa Afro-Shirazi, na mizani ikasimama 11 kwa 11. Serikali ikashindwa kuundwa. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuongeza jimbo moja yawe 23, idadi isiyogawika sawa, na kurudia uchaguzi. Tarehe 1 Juni 1961 Hizbu wakapata 10, Afro-Shirazi 10, ZPPP 3, na safari hii ZPPP wakabaki pamoja upande wa Hizbu. Ghasia zilizozuka ziliua watu 68.

Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa na majimbo 31, yaani yalikatwa tena. Afro-Shirazi walikusanya zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, wakaambulia viti 13. Hizbu 12 na ZPPP 6, jumla 18, wakaunda serikali, Shamte akawa waziri mkuu. Watu wengi husoma matokeo haya wakadhani lazima kura ziliibwa kwenye masanduku. Hesabu yenyewe haihitaji wizi wa karatasi ili itoke hivyo. Chama kikishinda kwa maelfu katika majimbo machache na kushindwa kwa mamia katika majimbo mengi, kura zake zinarundikana pasipohitajika. Mstari wa mpaka unafanya kazi hiyo kimya kimya, na uamuzi wa wapi upite hufanywa miezi mingi kabla ya siku ya kura.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na baraza lile likaisha pamoja na majimbo yake. Visiwa vikaongozwa na Baraza la Mapinduzi. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980, Katiba ya Zanzibar inayotumika sasa ni ya 1984, na uchaguzi wa 1985 ukafuata chini ya chama kimoja. Kwa mtu wa Mkunazini, basi, zipo zaidi ya miaka kumi na tano ambayo hakuna wa kumuuliza "jimbo lako lipi?" Babu aliposema "tangu zama za Waingereza hadi uzeeni" aliruka pengo hilo, kama wazee wengi wanavyoliruka. Wewe usiliruke.

Mji Mkongwe unaoutafuta, basi, ni ule wa vyama vingi. Katika uchaguzi wa Oktoba 1995 Zanzibar ilikuwa na majimbo 50: 29 Unguja na 21 Pemba. CCM walipata 26 na chama cha upinzani CUF 24, yaani jimbo moja lingegeuka tungerudi kwenye mizani ya Januari 1961. CUF walichukua yote 21 ya Pemba na matatu ya Unguja. Mwaka 2000 uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba uliharibika katika majimbo 16 ya Mkoa wa Mjini Magharibi na ukarudiwa tarehe 5 Novemba. CUF wakasusia marudio, CCM wakabeba majimbo yote ya Unguja. Kwa hiyo ukikuta orodha inayoonyesha Mji Mkongwe chini ya CCM mwaka 2000, usiseme mtaa ulibadili chama kisha ukarudi. Angalia kwanza nani alikuwa mashindanoni.

Mwaka 2005 CUF walishinda majimbo yote ya Pemba na moja tu la Unguja, nalo ni Mji Mkongwe. Hapo ndipo jina lilipopata umaarufu uliozidi ukubwa wa jimbo lenyewe. Mwaka 2010 likabaki kwa CUF: Ismail Jussa Ladhu akaingia Baraza la Wawakilishi na Muhammad Ibrahim Sanya akarudi Bungeni. Ukiwa unaandikia wasomaji wa Bara, eleza jambo hili mapema, kwamba kila jimbo la Zanzibar lina watu wawili, mwakilishi na mbunge. Siku ya kura Mzanzibari hupewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani. Mtu akikuambia "fulani alikuwa wa Mji Mkongwe", muulize wa wapi, Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi au Dodoma kwenye Bunge.

Tuje kwenye "nani kalifuta". Kifungu cha 120 cha Katiba ya Zanzibar kinaipa ZEC mamlaka ya kuigawa nchi katika majimbo yasiyopungua 40 wala kuzidi 55, na kuipitia mipaka kila baada ya miaka minane hadi kumi. Msingi ni idadi ya watu, lakini Tume inaruhusiwa kutazama jiografia, njia za mawasiliano na mipaka ya utawala. Mipaka mipya haimng'oi aliyekwisha chaguliwa. Inaanza kufanya kazi Baraza likishavunjwa. Kwa sababu hiyo jimbo la Zanzibar halifi siku ya tangazo, bali linamaliza muda wake. Usiandike kwamba Mji Mkongwe "lilifutwa" tarehe fulani huku mwakilishi wake angali anakula kiapo na kuuliza maswali barazani.

Hesabu ya mgawo unaweza kuifanya kwa kalamu, tukianza na ule wa 2005. Sensa ya 2002 iliikuta Zanzibar na watu 984,625. Gawa kwa 50, unapata 19,692 kwa jimbo. Unguja ilikuwa na 622,459, ambayo ni majimbo 31.6. Pemba 362,166, majimbo 18.4. Chukua nambari nzima iliyo karibu zaidi: 32 na 18. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2005. Pemba ikapoteza matatu na Mjini Magharibi ikaongezewa matatu, kutoka 16 hadi 19. Wapemba walilalamika, na kisiasa walikuwa na sababu, kwa kuwa matatu hayo yalitoka upande ambao kila mtu alijua unampigia nani. Lakini kwa tarakimu za sensa mgawo ule unasimama.

Mgawo wa 2015 hausimami vizuri hivyo. Majimbo ya Baraza yaliongezwa hadi 54, Unguja 36 na Pemba 18. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569, hivyo kila jimbo lilipaswa kuwa na watu 24,140 hivi. Pemba, yenye 406,848, ilistahiki chini kidogo ya 17, ikaachiwa 18. Nadhani Tume iliona kuigusa Pemba tena ni kuchokoza nyuki. Matokeo yake marekebisho makubwa yalifanyika ndani ya Unguja, na humo ndimo majina ya zamani yalimopotea: Mji Mkongwe, Rahaleo, Kwamtipura, Kitope, Koani, Muyuni. Yakaja Malindi, Shaurimoyo, Welezo, Mahonda, Tunguu, Paje. Usiyapange mawili mawili kana kwamba moja limebadilishwa jina likawa jingine. Pengine shehia tatu, yaani vitengo vidogo vya utawala vinavyosimamiwa na sheha, zilikwenda huku na mbili kule.

Kwa nini hasa Mji Mkongwe halikuweza kubaki vile vile? Tazama nyumba zenyewe. Eneo la mawe lina shehia nne: Shangani, Mkunazini, Kiponda na Malindi. Idadi ya wakaazi inayotajwa mara nyingi kwa mji wa mawe ni 16,000 hivi, na haikui kama Fuoni au Mwanakwerekwe zinavyokua. Ghorofa ya juu imekuwa hoteli, ya chini duka la vinyago, na wenyewe wamehamia wilaya za Magharibi. Kiwango cha jimbo nacho kinapanda kila sensa: 19,692, kisha 24,140. Jimbo la mji wa mawe lazima livuke barabara ya Darajani kutafuta watu, na likishavuka, jina Mji Mkongwe halilielezi tena sawasawa.

Hapo pana mtego mwingine. Mji Mkongwe ni pia eneo la hifadhi, lenye Mamlaka yake tangu 1985 na lililoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Ramani za hifadhi ni nyingi na zinapatikana kwa urahisi, kwa hiyo wanafunzi huzichukua wakaziita ramani za jimbo. Mpaka wa hifadhi umefuata majengo. Wa jimbo umefuata vichwa vya watu.

Malindi lenyewe lilianza kwa mkosi. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga karatasi zao tano. Tarehe 28 mwenyekiti wa ZEC akafuta uchaguzi wa Zanzibar, lakini kura za Muungano hazikuguswa. Kwa hiyo mbunge wa kwanza wa Malindi, Ally Saleh wa CUF, alitokana na kura za Oktoba, na kiti cha mwakilishi kikajazwa kwa marudio ya tarehe 20 Machi 2016 ambayo CUF walisusia. Jimbo moja, wapigakura wale wale, siku mbili tofauti. Tena orodha za tume mbili ziliachana: ZEC ilikuwa na majimbo 54 kwa Baraza, ya Muungano ikabaki na 50 kwa Bunge. Mwaka 2020 ZEC ikarudi kwenye 50, Unguja 32 na Pemba 18. Jedwali lolote linalochanganya miaka hiyo bila kusema limetoka tume ipi, liache. Na wenzako wa Pemba wanaoulizia Mkanyageni na Mgogoni wana swali hili hili; majina hayo hayamo katika orodha ya 2020, ingawa vijiji viko pale pale.

Sasa kuthibitisha maneno ya babu. Usianze na jina la jimbo. Anza na nyumba: alikuwa akilala wapi mwaka huo? Kisha shehia ya nyumba hiyo, kisha mwaka wa uchaguzi, na mwisho jimbo ambalo shehia hiyo iliwekwa kwa mwaka huo. Ukigeuza mpangilio utadanganyika, maana "Malindi" kwetu ni mtaa, ni shehia na ni jimbo, kama "Chake Chake" ilivyo mji, wilaya na jimbo. Kwa chaguzi za vyama vingi, orodha ya shehia kwa kila jimbo hutoka katika matangazo ya mipaka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali ya Mapinduzi. Nakala nenda kaiombe ofisi za ZEC, Maisara, ukitaja mwaka wa mapitio, 2005 au 2015. Ukiomba "ramani ya Mji Mkongwe" tu, watakupa ya sasa, nayo haina jina hilo.

Kwa 1957 hadi 1963 nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani. Chukua kitambulisho, barua ya chuo na kalamu ya risasi. Wino usiusogeze karibu na karatasi zile. Omba ripoti za wasimamizi wa uchaguzi na gazeti rasmi la miaka hiyo, na uandike ombi kwa jina la Kiingereza, Stone Town, kwa kuwa ndivyo majalada yalivyoandikwa. Pitia tahajia zaidi ya moja ya jina la babu: Mohamed, Muhammad, Mahomed. Makarani waliandika kwa sikio.

Jambo la mwisho la kuangalia ni ukaazi. Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ilimtaka mpigakura awe ameishi katika jimbo kwa muda mfululizo, kwa uchaguzi wa 2005 miezi 36, na sheha ndiye aliyeulizwa kama anamjua. Aliyehamia Fuoni akakaa huko hakuandikishwa tena Mji Mkongwe, hata kama Ijumaa alikuwa bado anasali kwenye msikiti wa mtaa wake wa zamani na kujiita mtu wa Mkunazini. Waulize shangazi zako, au jirani aliyebaki, babu alikuwa akilala nyumba gani katika miaka ya kabla ya uchaguzi wa 1995, halafu 2002 hadi 2005. Kama ni Mkunazini vipindi vyote viwili, andika kwamba alikuwa mkaazi wa jimbo la Mji Mkongwe katika chaguzi hizo mbili. Kuhusu 1957, subiri mpaka uupate mwaka wake wa kuzaliwa.